Kona ndogo ya kufulia: panga kuanzia kwenye kamba

Kona yangu ya kufulia ina upana wa sentimita 140 na kina cha sentimita 75. Humo mna mashine, mabeseni mawili, tenga la nguo chafu, sabuni, na kamba tatu juu ya kichwa. Mwaka wa kwanza niliamini shida ni udogo wake. Nikanunua rafu, nikanunua masanduku ya plastiki, nikapanga sabuni kwa ukubwa. Bado kila nilipofua, nguo mbichi ziliishia kwenye viti, juu ya milango na kwenye ukingo wa kitanda, na shuka la mwisho lilikuwa limeanza kutoa uvundo kabla halijapata pa kuanikwa.

Kilichonifumbua macho ni hesabu. Mashine ilikuwa inameza kilo 7 kwa mkupuo mmoja, ilhali kamba zangu zilibeba kilo 3 na ushee. Hata ningeongeza rafu kumi, zile kilo zilizobaki zisingepata pa kwenda. Tangu hapo nikipanga mahali pa kufulia, pangu au pa jamaa yangu, naanzia mwisho wa kazi, kwenye kuanika, ndipo narudi nyuma hadi kwenye tenga.

Hatua ya 1: Jua kamba zako zinabeba nini

Fanya jaribio hili kwa nguo kavu, kabla ya kununua chochote. Toa kabatini nguo za aina mnayovaa kila siku, uzitundike kama zingekuwa mbichi na unataka zikauke vizuri: fulana kando ya fulana bila kupandana, suruali ikining'inia kwa kiuno, taulo limetandazwa lote. Nafasi ikiisha, acha. Zilizopata nafasi zitie kwenye mfuko uzipime. Uzito huo ndio mkupuo wako, hata kama mashine imeandikwa kilo 8.

Kama huna mzani, kadiria. Fulana ya pamba ina gramu 150 hadi 200, shati karibu 250, jinzi ya mtu mzima 600 hadi 800, taulo kubwa la kuogea 500 hadi 700. Jinzi mbili na mataulo mawili peke yake yamekaribia kilo 2 na nusu, na hizo ndizo nguo zinazochelewa kukauka kuliko zote.

Kumbuka pia maji. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1,000 kwa dakika huacha kwenye pamba maji yanayokaribia asilimia 60 ya uzito wa nguo kavu. Kilo 4 za nguo zinatoka na lita 2 na zaidi, na lita hizo zote zitaingia kwenye hewa ya chumba unachoanikia. Ukikamua kwa mizunguko 1,400 yanabaki karibu asilimia 50. Nguo zilizokamuliwa kwa mkono hubaki na maji mengi zaidi, kwa hiyo anayefua kwa mkono apunguze mkupuo kuliko jaribio linavyoonyesha.

Ukiona kamba ni fupi, ongeza kamba kwanza. Kianikio cha kukunja kinachoning'inizwa ukutani hakili sakafu. Fimbo ya chuma iliyofungwa juu, karibu na dari, inabeba mashati kwenye hanga. Hewa ya juu ya kichwa chako ndiyo nafasi ambayo watu wengi wenye kona ndogo hawajaigusa.

Hatua ya 2: Chora vitu sakafuni

Mashine ya kawaida yenye mlango wa mbele ina upana wa sentimita 60, kimo cha 85, na kina kati ya 50 na 60. Ziko nyembamba zenye kina cha 45 au pungufu. Ila kina kilichoandikwa kwenye boksi hakihesabu mipira ya maji nyuma, na mipira hiyo inataka sentimita 5 hadi 10 ili isijikunje.

Chukua gazeti au kadibodi, ukate umbo la mashine kwa vipimo vyake halisi, ulitandaze sakafuni. Kata na nusu duara la mlango wake unapofunguka. Kisha simama mbele yake, chuchumaa, jifanye unatoa shuka zito. Je, magoti yanagonga ukuta? Mlango wa chumba unafunguka? Mimi sikufanya hivi. Mashine ilipoingia, mlango wake ukawa unagota kwenye beseni la kunawia zikiwa zimebaki sentimita 3 tu ufunguke sawasawa, na kwa miezi mingi nikawa natoa nguo kwa kuupitisha mkono upenyoni. Milango ya baadhi ya mashine inaweza kugeuzwa upande wa bawaba, lakini mingi haigeuziki, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Mashine ya kufungukia juu inapunguza tatizo la mbele lakini inadai nafasi ya juu. Usiweke rafu pale mfuniko unapopita.

Hatua ya 3: Maji na umeme kabla ya mapambo

Hapa usione haya kumwita fundi. Nguo zikikunjika vibaya utazinyoosha, lakini sakafu iliyofurika au soketi iliyoungua ni hasara nyingine.

Mashine mpya ya mlango wa mbele huja na boliti nyuma yake zinazoshikilia dramu isicheze njiani. Zitolewe zote kabla ya kuwasha, na zitunzwe kwa ajili ya siku ya kuhama. Ukisahau, mashine itatikisika kama inataka kutoka nyumbani, na inaweza kuharibika. Kisha weka pima maji juu yake, uizungushe miguu mpaka ikae sawa pande zote. Sukuma pembe moja baada ya nyingine. Hakuna pembe inayopaswa kucheza.

Mpira wa kutolea maji machafu uinuke kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, mara nyingi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukilala chini, maji yanajivuta yenyewe na kutoka huku mashine inajaza, nayo itajaza bila kikomo. Usiuzibe kabisa pale unapoingia kwenye bomba la ukutani, acha hewa ipite pembeni.

Bomba la kuingizia maji liwe mahali mkono unapofika, maana unapaswa kulifunga kila ukimaliza kufua. Mpira ulioachwa na shinikizo la maji mchana na usiku ndio unaopasuka watu wakiwa safarini. Uangalie mara kwa mara. Ukiona uvimbe, mpasuko au kutu kwenye kiungio, badilisha. Hata ukiwa unaonekana mzima, usiuache upite miaka 5.

Mashine inayopasha maji moto hula wati 2,000 au zaidi. Iwe na soketi yake ya ukutani yenye waya wa ardhini, mbali na maji yanayoruka. Waya wa ekstensheni hapana, hata kwa siku mbili tu. Siku mbili hugeuka miaka miwili.

Hatua ya 4: Ukuta

Rafu moja juu ya mashine inatosha: sabuni, brashi, vibanio, dawa ya madoa. Rafu ya pili kwa kawaida hugeuka ghala la vitu visivyohusika na nguo. Weka kulabu chini ya rafu kwa ajili ya hanga tupu, na kulabu mbili pembeni za kutundikia mabeseni. Beseni likitundikwa, sakafu inaweza kupigwa deki kwa dakika moja, na hilo peke yake linabadilisha jinsi kona inavyonukia.

Kuna mtindo wa kumimina sabuni kwenye vioo vizuri vizuri ili rafu ipendeze. Naomba uuache. Chombo cha asili kina maelezo na tahadhari, na mtoto hawezi kukidhania ni kinywaji kwa urahisi ule ule. Vidonge vya sabuni ya maji vyenye rangi vikae juu kabisa, kwenye boksi linalofungwa, kwa sababu kwa macho ya mtoto vinafanana na peremende.

Na kwenye kona finyu, ambamo hewa ni chache, sheria hii haina msamaha: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isichanganywe na kitu kingine zaidi ya maji. Ikikutana na siki au dawa ya asidi ya kutolea ukoko wa chokaa, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, inatoa gesi nyingine za sumu. Zitenge, moja mwisho wa rafu, nyingine chumba kingine kabisa.

Hatua ya 5: Tenga

Matenga mawili yanatosha watu wengi: moja la nguo nyeupe na za rangi hafifu, moja la nguo za rangi nzito. La tatu hula nafasi bila kuleta faida. Mataulo na mashuka yana siku yake, hayahitaji tenga. Ukubwa wa tenga uwe sawa na mkupuo wako wa hatua ya 1. Tenga likijaa, ndiyo siku ya kufua, huhitaji kalenda. Tenga kubwa kuliko kamba ni ahadi ambayo huwezi kuitimiza.

Nguo yenye unyevu haiingii humo. Taulo la jasho, kitambaa cha jikoni, nguo ya mazoezi, vyote vitundikwe kwenye ukingo vikauke kwanza.

Mifuko ikaguliwe nguo inapovuliwa, na doa lishughulikiwe papo hapo. Damu na maziwa ni maji baridi tu, kwa sababu joto huyagandisha ndani ya nyuzi. Mafuta yapakwe tone la sabuni ya vyombo, yafikichwe kwa upole. Nguo ambayo doa lake halijatoka usiipige pasi. Ukiipiga, doa hilo litakaa.

Hatua ya 6: Kufua

Jaza dramu hadi ibaki nafasi ya kiganja kati ya nguo na sehemu ya juu. Zikibanana hazipinduki, na nguo zisizopinduka hazitakati.

Kuhusu sabuni, wengi wetu tunazidisha. Mapovu siyo usafi. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe mapovu mengi, na ndani ya mashine ya mlango wa mbele mapovu hayo huzuia nguo kusuguana, yanabaki kwenye nyuzi na kugeuka utelezi ndani ya mashine. Tumia ile iliyoandikwa kwa ajili ya mashine, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Utajua umezidisha ukilitia taulo lililokwisha kufuliwa kwenye beseni la maji safi, ulikamue, na maji yakawa meupe. Na sabuni ya kulainisha usiitumie kwenye mataulo kabisa, inazifunika nyuzi na taulo linaacha kunyonya maji.

Maji baridi au ya digrii 30 yanatosha nguo nyingi za kawaida. Mashuka, mataulo na nguo za mgonjwa nazifua kwa digrii 60 pale lebo inaporuhusu. Joto hilo huua wadudu wa vumbi waishio kwenye matandiko. Ukisoma lebo, alama ya beseni ni kufua na namba iliyomo ni joto la juu kabisa, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, na alama yenye mkato wa msalaba maana yake usifanye.

Kama kona yako haina mashine, mpangilio unabaki ule ule, ila mabeseni yawe matatu yanayoingiana: la kuloweka, la kusuuza kwanza, la kusuuza mwisho. Anza na nguo nyeupe, malizia na zinazochuja rangi, na maji ya kusuuzia mwisho yawe ya kulowekea mkupuo unaofuata. Kiti kifupi chenye kimo cha goti kinaokoa mgongo kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Hatua ya 7: Kuanika

Kwenye nafasi ndogo, hapa ndipo kila kitu kinafanikiwa au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine ikilia imemaliza, toa nguo wakati huo huo. Kama hutakuwepo, usiwashe. Uvundo ule wa nguo iliyochelewa una mwenyewe: mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtambua bakteria aitwaye Moraxella osloensis kuwa chanzo chake kikuu. Bakteria huyu anavumilia ukavu, na ndiyo maana taulo linaweza kuwa kavu halina harufu yoyote, kisha ukijifuta nalo uso ukarudi ule uvundo wa wiki iliyopita. Manukato hayamtoi. Loweka taulo hilo kwenye maji ya moto yenye dawa ya kung'arisha ya oksijeni (siyo ile ya klorini), au lifue kwa digrii 60, kisha likaushe haraka. Shabaha ni kukauka haraka, kwa hiyo kila unachofanya kwenye kamba kipime kwa swali hilo.

Kung'uta kila nguo kwa nguvu mara mbili kabla ya kuitundika. Shika fulana kwa pindo, siyo mabegani, vibanio visiache alama. Suruali igeuzwe ndani nje ili mifuko ipate hewa. Taulo lisikunjwe katikati ya kamba pande zikagusana. Likalishe juu ya kamba mbili, hewa ipite kati. Kati ya nguo na nguo acha upana wa vidole viwili. Nguo ndefu pembeni, fupi katikati, na nzito zielekee dirishani. Mashati yaende kwenye hanga moja kwa moja, yakikauka yanahamia kabatini yakiwa kwenye hanga ile ile, na umeokoa kukunja na nusu ya pasi. Sweta la sufu lisitundikwe kabisa, likae bapa juu ya taulo.

Ukianika ndani, fungua dirisha la chumba hicho na ufunge mlango wa kuelekea vyumba vingine. Watu wengi hufanya kinyume, dirisha limefungwa na mlango wazi, kisha wanashangaa ukungu umeota nyuma ya kabati la chumba cha kulala. Kianikio kisiegemee ukuta, kiache sentimita 10. Feni ndogo ikipuliza kwa chini, kuelekea dirishani, inakausha vizuri kuliko feni kubwa inayozungusha hewa ile ile. Baada ya saa mbili geuza zile nzito. Mara nyingi ukanda wa kiuno na kwapa ndivyo vinavyobaki na unyevu wakati sehemu nyingine imekauka, kwa hiyo gusa pale kabla ya kuanua.

Ukibahatika kuwa na jua, nyeupe zilielekee, za rangi zigeuzwe ndani nje, na zenye mpira zikae kivulini.

Hatua ya 8: Kuanua na kukunja

Kunja ukiwa umesimama, juu ya mashine, nguo moja moja inapotoka kwenye kamba. Nguo isipite kitandani. Ikishafika kitandani inahamia kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti inavaliwa bila kufika kabatini.

Kwa familia, jambo lililonisaidia kuliko yote ni kufua kwa mtu badala ya kufua kwa aina, mradi nguo hazichuji. Mkupuo wa leo ni wa mtoto mkubwa, wa kesho ni wa baba. Nguo zikitoka kwenye kamba zinakwenda kwenye kabati moja, na hata mtoto wa miaka 7 anaweza kuzipeleka mwenyewe. Soksi za kila mtu zina mfuko wake wa neti, zinaingia humo chafu, zinafuliwa humo humo, wala hazipoteani.

Hatua ya 9: Tunza mashine yenyewe

Kila ukimaliza, futa mpira wa mlangoni kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye mkunjo wa chini ambako maji, nywele na vumbi la nguo hujikusanya. Vuta droo ya sabuni nje kidogo. Acha mlango wa mashine wazi upana wa kiganja. Kama kuna mtoto mdogo au paka nyumbani, mlango wa chumba hicho ufungwe, maana wote wawili hupenda kuingia ndani ya dramu. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa maji ya moto kabisa.

Kichujio cha pampu kiko chini mbele, nyuma ya kifuniko kidogo, na kuna watu wana mashine miaka minne hawajawahi kukifungua. Kisafishe kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Chomoa plagi, subiri maji ya ndani yapoe. Tandaza taulo kuukuu sakafuni, weka sinia bapa chini ya mdomo. Legeza kifuniko robo mzunguko tu, acha maji yatoke, kaza, mwaga sinia, rudia, mpaka yaishe. Kisha kitoe chote. Mara ya kwanza nilikuta sarafu mbili, kibanio cha nywele, waya wa sidiria, na bonge la kijivu lililoshikamana kama udongo wa mfinyanzi. Suuza kichujio bombani, ingiza vidole kwenye tundu upapase, halafu zungusha kidogo pangaboi la pampu kuhakikisha halijakabwa na uzi. Rudisha kifuniko mpaka kigome, chomeka plagi, washa programu fupi ya kusuuza, kisha piga magoti uangalie kama kuna tone.